Tano ya mwezi wa tisa

Najua nimepotea. Kuna mmoja wenu kaniandikia kuuliza kama nimeshafukuzwa chuo. Hapana jamani, nipo, nimezidiwa tu na test na mambo ya karatasi. Hayo ya karatasi ndo nataka kuwasimulia leo, ila kwa njia ya kuzunguka kidogo, maana nimeyachanganya na muziki halafu nikayachanganya na historia. Si ndo nnachosomea, mtanivumilia.

Kisa chenyewe hiki. Kadi yangu ya kliniki, ambayo marehemu mama aliiweka kwenye mfuko wa nailoni kama vile ni dhahabu, inasema nimezaliwa 05/09/2003. Tano ya mwezi wa tisa. Nilipoingia skuli ya sekondari mtu fulani akajaza jina langu kwenye kompyuta, na sijui kompyuta ile ilikuwa imepangwa kimarekani au vipi, ikatoka tisa ya mwezi wa tano. Hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe sikuona, nilikuwa na miaka kumi na tatu, nani anaangalia mambo hayo? Basi vyeti vyote vya mitihani vikafuata kosa lile. Sasa nipo mwaka wa tatu, nimeomba nafasi ya kwenda kusoma nje mwakani, na ofisi moja imenirudishia mafaili yangu ikisema mimi ni watu wawili. Kadi ya kliniki hawaitaki, wino umefifia. Nimeambiwa nipeleke hati ya kiapo na "ushahidi wa kuridhisha" kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwengine.

Nikarudi bwenini nimenuna. Mwenzangu wa chumba, ambaye hana shida duniani ila kuchaji simu, akanambia, "We bana si ungechagua tu siku moja ukaipenda?" Nikasema haya, ngoja nione tarehe zangu mbili zina watu gani. Nikaanza na wanamuziki, maana ndo ninaowapenda.

Tisa Mei nimepata Billy Joel (1949), Dave Gahan wa Depeche Mode (1962) na Ghostface Killah wa Wu-Tang Clan (1970). Si haba! Lakini tano Septemba... jamani. Ile tano Septemba nilikaa nayo mpaka saa nane usiku.

Wa kwanza mnamjua wote, hasa tuliotoka Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, alizaliwa hospitali ya serikali mjini Zanzibar siku ya Alhamisi, 5 Septemba 1946. Kwa kalenda yetu ilikuwa kama wiki moja hivi baada ya Idi el Fitri, kwa hiyo naona mji ulikuwa bado una harufu ya vitumbua. Baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha wa serikali ya Waingereza. Wazee walikuwa Waparsi wa Gujarat, dini yao ya Zoroasta. Alipofika miaka minane akapelekwa bweni Panchgani, India, na huko ndo akaanza kupiga piano kwenye bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Akarudi Unguja mwaka 1963, na mapinduzi ya Januari 1964 yakawakuta hapo. Mwaka huo huo familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, akasomea usanii wa michoro Ealing, na mwaka 1970 ikazaliwa Queen. Yaliyobaki mnayajua: Wembley 13 Julai 1985, na kifo cha UKIMWI 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba anaugua. Alikuwa na miaka 45.

Kwetu habari yake haijawahi kuwa nyepesi. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, watu wa dini wakapinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake pale Shangani na watalii wanapanga foleni. Mimi nimepita mlango ule mara mia, nimeingia mara moja tu, tena kwa kuvizia, nikiogopa ami asinione hehehe. Ninachokijua ni kwamba kwenye ule wimbo wake mrefu wa mwaka 1975 mna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuoni kwetu analisema kabla ya kula. Mlilisikia? Rudieni.

Haya, sasa rudini nyuma miaka 211. Leipzig, Ujerumani, 5 Septemba 1735: anazaliwa Johann Christian Bach, mtoto wa kiume wa mwisho wa Bach yule mkubwa, baba ana miaka hamsini. Baba akafa 1750, kijana akachukuliwa na kaka yake Berlin, halafu akakimbilia Italia, akabadili dhehebu akawa Mkatoliki (kwenye familia ile ya Kilutheri! fikirieni vikao vya ukoo), akapiga kinanda kanisa kuu la Milan. Mwaka 1762 akahamia London, na hapo ndo pakawa makao yake mpaka kufa. Alikuwa mwalimu wa muziki wa Malkia Charlotte. Na mwaka 1764 akaletewa mtoto wa miaka minane kutoka Salzburg. Inasimuliwa kwamba alimpakata wakapiga kinanda pamoja kwa zamu, huyu kipande na yule kipande. Mtoto huyo ni Mozart.

Angalieni vizuri hapo. 1764 mgeni wa tano Septemba yupo London anampakata Mozart. 1964, miaka mia mbili kamili, mgeni mwengine wa tano Septemba anashuka London na sanduku lake kutoka Unguja. Najua ni sadfa, msinipigie kelele. Lakini niliposoma nilisimama katikati ya chumba.

Huyu Bach mdogo alikufa 1 Januari 1782 akiwa na madeni, mtumishi wake alimla pesa. Malkia akasaidia mazishi. Mozart, ambaye hakumsifia mtu hovyo, akamwandikia baba yake kwamba muziki umepata hasara, halafu akachukua kipande cha marehemu akakiweka ndani ya konseto yake moja ya piano. Kwa maoni yangu hiyo ndo rambirambi.

Wa tatu ndo aliyenichekesha. Jakob Liebmann Beer, alizaliwa karibu na Berlin 5 Septemba 1791, Myahudi, mtoto wa tajiri. Akaenda Italia akajiita Giacomo, akaunganisha na jina la babu yake likawa Meyerbeer, akaenda Paris akawa mfalme wa opera. Kubadili jina ukapata dunia, mnaona Farrokh hakuanza yeye. Miaka ya 1830 hakuna aliyemfikia. Wagner, ambaye Meyerbeer alimsaidia alipokuwa hana kitu, akamlipa mwaka 1850 kwa makala ya chuki dhidi ya Wayahudi, tena aliichapisha kwa jina la bandia. Baadaye Manazi wakazipiga marufuku kazi za Meyerbeer kabisa.

Sasa opera yake ya mwisho inaitwa L'Africaine, yaani Mwafrika mwanamke. Yeye alifariki 1864, ikaonyeshwa Paris mwaka uliofuata. Shujaa wake ni nani? Vasco da Gama! Huyu huyu tuliyemkariri tangu darasa la tano, aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498 akapata rubani wa kumpeleka India. Kwenye opera anamchukua mateka mwanamke anayeitwa Sélika, kumbe ni malkia, malkia anampenda, Vasco anamwacha, malkia anakufa kwa kunusa maua ya mti wa sumu. Na huyu "Mwafrika" ukifika sehemu ya nne unakuta kisiwani kwake watu wanamwabudu Brahma. Mh! Yaani Mzungu kakaa Paris, Afrika na India kaviweka chungu kimoja akakoroga. Nilitaka kukasirika, halafu nikakumbuka kwamba miaka 81 baadaye, tarehe yake hiyo hiyo, kweli alizaliwa kisiwani Afrika mtoto wa asili ya Kihindi aliyekuja kuimba na mwimbaji wa opera, Montserrat Caballé, albamu nzima ya mwaka 1988. Nikaacha kukasirika.

Amy Beach msimruke, dada zangu hasa. Alizaliwa Henniker, New Hampshire, Marekani, 5 Septemba 1867. Mtoto wa ajabu kwenye piano. Akaolewa 1885, yeye miaka 18, mume daktari wa miaka arobaini na kitu, na mume akataka maonyesho yapungue sana, abaki nyumbani atunge. Mwalimu wa utunzi hakupata, akanunua vitabu akajifundisha mwenyewe. Mwaka 1896 orkestra ya Boston ikapiga simfoni yake, ya kwanza kutungwa na kuchapishwa na mwanamke wa Kimarekani. Kwenye karatasi iliandikwa Bi. H. H. A. Beach, herufi zote hizo ni za mume. Mume akafa 1910. Mwaka 1911 mama akapanda meli kwenda Ulaya akapiga piano miaka mitatu. Sisemi kitu.

Halafu kuna John Cage, Los Angeles, 5 Septemba 1912. Huyu ndo alitunga kile kipande cha 1952 ambacho mpiga piano anakaa dakika nne na sekunde thelathini na tatu bila kupiga noti hata moja. Nilimwonyesha mwenzangu wa chumba, akasema hata yeye anaweza. Nikamjibu Cage alitaka usikilize kilichopo, mafeni, kikohozi, mvua. Tukajaribu bwenini. Dakika ya pili mtu wa chumba cha jirani akaanza kugombana na mpenziwe kwenye simu. Onyesho zuri sana.

Ila kilichonishika kwa Cage ni kinanda cha Halberstadt, Ujerumani. Ana kipande kingine alichoandika kipigwe polepole iwezekanavyo. Watu wakaamua kukitimiza kweli, katika kanisa la zamani la St. Burchardi, kwa muda wa miaka 639. Wameanza 5 Septemba 2001, siku ambayo angetimiza miaka 89, na mwisho umepangwa mwaka 2640. Kwa vile kipande kinaanza na kimya, miezi kumi na saba ya mwanzo ilikuwa pumzi ya mashine tu, sauti ya kwanza ikatoka Februari 2003. Kwa hiyo siku niliyozaliwa mimi kinanda kile kilikuwa kinalia sauti zake za mwanzo kabisa. Na 5 Septemba 2020, mimi nikitimiza 17, walibadilisha sauti iliyokuwa haijabadilika karibu miaka saba. Kha!

Wengine nawapitia mbio. Sunnyland Slim, mpiga piano wa blues kutoka Mississippi, vitabu vingi vinaandika 1906, ndiye aliyemfungulia Muddy Waters mlango wa studio Chicago mwaka 1947. Al Stewart, Glasgow 1945, anaimba historia tupu, angefaa kuwa lecturer wetu. Buddy Miles, Omaha 1947, mpiga ngoma wa Hendrix kwenye Band of Gypsys. Na Loudon Wainwright III, muimbaji wa gitaa na visa vya kuchekesha, Chapel Hill, 5 Septemba 1946, siku ile ile na mwaka ule ule na Freddie. Mnaosoma kurasa za nyota magazetini, nyie Mashuke wenzangu, mtanambia nyota moja imewezaje kumtoa Freddie na imemtoa Loudon, ambaye wimbo wake uliovuma zaidi ni wa mnyama wa kunuka aliyegongwa na gari barabarani.

Mshkaji wangu wa hesabu aliponisikia nashangaa akanicheka. Eti watu 23 tu wakikaa chumba kimoja, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Wakifika 57 ni asilimia 99. Na wanamuziki duniani ni maelfu kwa maelfu, siku ni 365, kila siku lazima ijae. Sawa, nimekubali, sadfa haina maana. Ndipo nikajiuliza swali la mtu wa historia: orodha hii imetoka wapi? Kwa nini namjua Bach wa 1735 mpaka tarehe?

Nikamtafuta Siti binti Saad. Aliyezaliwa Fumba, safari fupi tu ya daladala kutoka kwetu, sauti ya kwanza ya mwanamke wa pwani hii kuvuma kwenye sahani za santuri, alirekodi Bombay mwaka 1928. Siku ya kufa tunayo, 8 Julai 1950. Siku ya kuzaliwa? Vitabu vinasema "takriban 1880". Basi. Wazazi wake walikuwa watu waliotumikishwa, na jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria 1897. Mtoto wa aina hiyo miaka ya Sultani Barghash nani angemwandika tarehe? Akiandikwa, labda kwenye hesabu za mali. Bi Kidude naye hivyo hivyo, amefariki 17 Aprili 2013, ana tuzo ya WOMEX ya 2005, dunia nzima imemshangilia, lakini umri wake ulikuwa wa kukisia tu. Kuna filamu ya 2006 juu yake ambayo jina lake lenyewe linautania umri huo.

Kwa hiyo Siti hawezi kuwa kwenye orodha yangu. Inawezekana alizaliwa tano Septemba! Inawezekana kabisa. Lakini orodha inaingia mwenye karatasi, na miaka ile karatasi ilikuwa ya mtoto wa mshika fedha wa serikali, mtoto wa mwanamuziki wa kanisa, mtoto wa tajiri wa Berlin.

Si sisi peke yetu. Beethoven mwenyewe tuna siku aliyobatizwa tu, 17 Desemba 1770, ya kuzaliwa haikuandikwa. Na Louis Armstrong maisha yake yote alisema kazaliwa 4 Julai 1900, sikukuu ya taifa lake. Akafa 1971. Miaka baadaye mtafiti akakuta kitabu cha ubatizo New Orleans: 4 Agosti 1901. Huyo Armstrong ningemtuma aende yeye kwenye ile ofisi akawaeleze.

Wikiendi iliyopita nikapanda boti kwenda kwa bibi, mama yake mama. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikamuuliza, "Bibi, mimi nimezaliwa lini hasa?"

Bila kuinua kichwa: "Ijumaa. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijamaliza."

Nikarukaruka, nikafungua kalenda ya 2003 kwenye simu. Tano Septemba, Ijumaa. Alhamdulillah! Halafu nikaangalia tisa Mei. Ijumaa. Nikadhani nimekosea. Baadaye yule mshkaji wa hesabu akanambia 9/5 na 5/9 huangukia siku moja ya wiki kila mwaka, milele. Hebu angalieni kalenda zenu. Katika makosa yote ya kukosea tarehe, langu ndilo lisiloweza kushikwa na Ijumaa.

Nikarudi kwa bibi. "Mwezi gani, bibi?" Akanitazama kama mjinga. "Rajabu. Miraji ilikuwa bado haijafika, mama yako alitaka kwenda kusikiliza nikamkataza, hajatimiza arubaini."

"Si Mfunguo Sita?"

"Mfunguo Sita ni Maulidi, na mvua ya masika ile. Ungezaliwa kwenye mvua mimi ningekufikishaje hospitali na njia yetu ile? Nilikwenda na vumbi na nikarudi na vumbi."

Nikapiga hesabu. 5 Septemba 2003 ni kama tarehe nane Rajabu 1424, Miraji ni ishirini na saba, wiki tatu baadaye. 9 Mei 2003 ni Mfunguo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, katikati ya masika. Bibi hajui kusoma saa ya ukutani. Ameipata tarehe yangu kwa mwezi, kwa mvua, na kwa hasira aliyokuwa nayo siku mama alipotaka kutoka uzazini. Nimesoma mihula miwili ya mbinu za utafiti na sijaona chanzo safi kama hicho.

Wakili amesema bibi anaweza kuapa kwa niaba yangu, na kalenda tunaambatanisha. Kitambulisho chake tu ndo kinatakiwa. Akakitoa kwenye kanga, nikakisoma: amezaliwa 1 Januari. Nikacheka, na yeye akacheka. Walipokuja kuandikisha waliwapa wazee wote wa mtaa siku hiyo moja.

"Na wewe bibi, umezaliwa lini hasa?"

"Wakati wa karafuu nyingi. Mama yangu hakunambia zaidi." Akaendelea na mchicha. Halafu akauliza hiyo tano yangu ina watu gani, nikamtajia: mtoto wa Mhindi wa Shangani, Mzungu aliyempakata mwenzake, mama aliyenyimwa kupiga piano, na yule wa kinanda cha miaka mia sita. Akasikiliza wote.

"Basi na mimi niandike humo," akasema. "Hiyo ya Januari ina watu wengi mno."

Jumatatu tunakwenda kuapa. Nitawaambia ofisi imesemaje.